Mafungu Mawili ya Waya

Jumapili jioni, Shinyanga mjini.

Wingu limekusanyika tangu adhuhuri, likatuchungulia, kisha likajiondokea zake upande wa Kahama bila hata kuaga. Vumbi limebaki palepale. Nimefuta cherehani kwa kitambaa kibichi na bado nikipitisha kidole kinatoka chekundu. Mwili umechoka, na si uchovu wa kazi. Ni ule unaompata mtu mzima aliyefundishwa na mtoto jambo ambalo alipaswa kulijua mwenyewe.

Leo nimekwenda Didia. Nilipeleka mwanasesere.

Kwa kawaida kwenye ukurasa huu naweka picha: mwanasesere amekaa juu ya kopo la uzi, mwanasesere ameinua mkono kama mwalimu wa zamu, yule mwingine aliyening'inia dirishani akagombana na paka. Leo sina picha. Sikupiga hata moja, na nashukuru sikupiga.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Mimi ni fundi cherehani. Sare za shule ndizo zinazonilisha. Wanasesere walikuja baadaye, kwa sababu nimeolewa na fundi wa kusuka mota. Baba Sauda anafungua mota na pampu zilizoungua, anatoa waya wa zamani wa kopa, yaani shaba, anasuka mpya. Nyumba yetu haijawahi kukosa vipande vya waya; ukitembea pekupeku vinakutafuta vyenyewe. Siku moja nilichukua kipande nikakisokotea ndani ya mkono wa mdoli wa binti yetu Sauda, ili aache kulegea kama mlevi. Mkono ukakunjika, ukabaki umekunjika. Tangu hapo sijashona mwanasesere asiye na waya.

Watu wa hapa barazani hunicheka. Wanasema nimewatia mifupa watu wa matambara. Wacheke tu. Mwanasesere wa kitambaa kitupu unamkumbatia wewe. Mwenye waya anaweza kukukumbatia yeye.

Na waya hauonekani, hapo ndipo kazi yote ilipo. Siweki waya mmoja mnene, kwa sababu mtoto atakunja kiwiko leo, kesho, keshokutwa, na mwisho utakatika. Nasokota nyembamba kadhaa pamoja. Ncha naikunja iwe duara dogo kama tundu la sindano, naifunga kwa utepe wa khanga kuukuu, nazungushia pamba, ndipo navisha ngozi ya kitambaa. Pamba yenyewe natoa kwa wakulima wa huku huku, ile ambayo haijaenda kiwandani, nakaa nayo nachambua mbegu huku nasikiliza redio. Nikimaliza namsugua mwanasesere shavuni mwangu, kote, miguu na mikono. Akinichoma, namfumua. Ncha ya waya ni kama uongo, hata uifunike vipi, iko siku itatokeza.

Basi. Mama Kulwa.

Mama Kulwa ni mteja wangu wa siku nyingi. Mumewe ni mchimbaji mdogo upande wa Bulyanhulu, na yeye anaishi Didia kwa mama mkwe wake, analima na kulea. Mungu alimpa mapacha wa kike. Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, kama ilivyo ada. Hawakufanana sana. Kulwa alizaliwa na seli mundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengi hapa wanauita sikoseli, na tangu mdogo viungo vyake vilikuwa na siku zake za kumtesa. Doto hakuwa nao. Kulwa akishikwa na maumivu, Doto ndiye aliyekuwa akichovya kitambaa kwenye maji ya moto na kumkanda magoti. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo, hata mama yao.

Mimi niliwashonea magauni ya Krismasi, kitambaa kimoja, rangi ya machungwa yenye maua meupe. Nakumbuka siku ya vipimo. Kila nilipompima Doto, namba zilikuwa zinanikataa. Nikainua macho, nikaona amekunja magoti chini ya sketi.

"Simama wima, Doto."

Akasimama. Nikageuka kuandika, akakunja tena. Mama yake akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ndivyo afanyavyo tangu alipoanza kumpita mwenzake urefu. Hata kwenye picha anakunja. Hataki kumzidi.

Kwa hiyo nilishona magauni yote kwa kipimo kimoja, kama mama alivyotaka, nikayaachia pindo pana. Hii ni desturi ya kila fundi wa nguo za watoto: unakunja kitambaa cha ziada chini, unakishona kwa uzi mrefu mrefu, mtoto akirefuka unafumua pindo na gauni linarefuka naye. La Doto nililifumua baadaye, kisha nikalifumua tena. La Kulwa halikuhitaji.

Kulwa alifariki mwaka huu, mahindi yakiwa yamekauka shambani. Nilikwenda kuzika. Baba yake alifika kutoka maduarani, kwenye mashimo wanakochimba, na viatu vyake vya tope, akasimama pembeni kabisa ya watu. Hakulia. Wala wengine hawakulia kwa sauti, kwa sababu bibi yake Kulwa alikataza. Alisema mapacha hawaliliwi kama watu wengine. Ukimlilia aliyekwenda, unamwita aliyebaki. Sikujua kama ni mila ya Wasukuma wote au ni ya nyumba ile, na haikuwa siku ya kuuliza. Niliona tu wanawake wameziba midomo kwa khanga.

Doto alikaa kwenye mkeka akiwatazama.

Muda ukapita. Halafu siku moja Mama Kulwa akaja hapa barazani, na sikujua nimwiteje. Nikajifanya mwenye huruma. Nikasema, karibu Mama Doto.

Hakukasirika. Alikaa kwenye benchi, akafungua kilemba, akakifunga upya.

"Kulwa tumemzika, Mama Sauda," akasema. "Jina langu hatujalizika."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi, akaniambia siko peke yangu, hata kanisani wameanza.

Kisha akanieleza kilichomleta. Doto hali. Si kwamba anakataa chakula. Ukimpa ugali anaugawa katikati, anakula nusu, nusu anaiacha upande wa pili wa sahani. Ukimpa yai analipasua. Ukimwongezea ili ile nusu yake iwe kubwa, anagawa kile kikubwa. Anakonda. Kitandani analala ukingoni, sehemu ya ukutani ya Kulwa iko wazi, na blanketi lote liko huko. Shuleni amerudi, lakini anakaa mwisho wa dawati. Na ukimuuliza anataka nini, haombi kitu.

"Mtoto hasemi changu," mama yake aliniambia. "Kila kitu cha Kulwa, au chetu. Changu hana."

Bibi naye anaogopa. Hasemi, ila amemvisha mtoto shanga mkononi, na kila asubuhi anamwita jina kabla hajatoka nje, asikie kama ataitika. Wote nyumbani wanaogopa jambo moja, kwamba Doto anaondoka kidogo kidogo kumfuata mwenzake.

Mama Kulwa alikuwa anamtazama mwanasesere aliyekuwa juu ya cherehani yangu, amejikalia amekunja nne. Akaugusa mkono wake. Akaukunja, ukabaki.

"Kulwa alikuwa analala amemshika Doto shingoni," akasema. "Huyu anaweza kushika shingo?"

Nikamwambia anaweza.

Akafungua mfuko. Akatoa magauni yote mawili, la Kulwa na la Doto lililokwisha kumbana, akaniwekea mapajani. Nilidhani ameleta mawili ili kitambaa kitoshe. Sikuuliza.

Baada ya hapo Baba Kulwa mwenyewe alipita hapa akitoka machimboni kwenda nyumbani. Ni mtu wa maneno machache kiasi kwamba ukimsalimia unahisi umemsumbua. Alileta waya. Pampu yao ya kuvuta maji shimoni iliungua, na alipoambiwa na mkewe juu ya mwanasesere, alikaa akaifungua mota ile kwa mkono, akatoa waya wa kopa, akauchoma motoni ili ulainike, akausugua kwa mchanga mpaka ukang'aa. Aliuleta umefungwa kwenye vipande vya mfuko wa sandarusi. Mafungu mawili. Kila fungu limefungwa peke yake, na fundo lake.

"Mbona mwingi hivi, Baba Kulwa?" nilimuuliza. "Mwanasesere mmoja hali waya wote huu."

Akanitazama. Akasema, "Utatosha." Akaaga.

Baba Sauda aliupima waya kwa vidole, akaukunja na kuukunjua, akasema mtu huyu amechoma kopa vizuri kuliko vijana wake wa karakana. Nilichukua fungu moja. La pili nikaliweka rafuni, akiba.

Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Nami nina macho, na miwani juu yake.

Nilifanya kazi ile kwa moyo wote, na hilo sitalionea haya. Mwili nilishona kwa kitambaa nilichokipika kwenye majani ya chai mpaka kikaja na rangi ya ngozi yao. Mikono niliitengeneza mirefu kidogo kuliko desturi yangu, ili ipate kuzunguka shingo ya mtoto na vidole vikutane nyuma. Magoti yalinipa taabu zaidi. Nilisokota waya ukawa laini pale, ili yakunjike bila kulazimishwa, kwa sababu nilijua magoti ya Kulwa hayakupenda kulazimishwa.

Uso sikumtia. Wanasesere wangu wote hawana nyuso. Marehemu mama yangu alinikataza, alisema anayetia macho ni Muumba peke yake, na mimi nimeshika hivyo hivyo. Wateja wengine huondoka kwa ajili hiyo, nawatakia heri.

Nilipofika kwenye gauni nilikwama. Nililigeuza gauni la Kulwa, nikaona pindo langu bado limeshonwa, uzi wangu mwenyewe, mshono mrefu mrefu wa kufumuliwa baadaye. Nje kitambaa kilikuwa kimepauka kwa jua na sabuni. Nikafumua. Ndani ya pindo rangi ya machungwa ilikuwa mbichi kabisa, kama siku niliyokinunua kitambaa dukani. Nilikaa na mkasi mkononi. Nikalia, kusema kweli, maana hapa kwangu hakuna aliyenikataza. Halafu nikakata gauni la mwanasesere kutoka kwenye sehemu ile mbichi, likamtosha sawasawa.

La Doto nililikunja nikaliweka kando, nimrudishie mama yake.

Leo asubuhi nikapanda gari la kuelekea Tinde, mwanasesere kwenye kikapu juu ya mapaja, nimemfunika khanga. Mtu aliyekaa pembeni yangu aliuona mguu umetokeza, akasogea. Hapa kwetu ukibeba umbo la mtu ndani ya kikapu, watu wana mawazo yao. Nilimfunika vizuri, nikaangalia dirishani mpaka Didia.

Bibi alikuwa chini ya upenu anapepeta choroko.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia Kisukuma, akiniita mama, kabla sijamuwahi. Hupenda kunijaribu.

"Mwangaluka. Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akataka yeye amwone mwanasesere kwanza. Nikamfunulia. Alimshika mwanasesere kama mnunuzi anavyoshika kuku, akambinya mkono, paja, mgongo. Vidole vyake vikaukuta waya.

"Huyu ana mifupa," akasema.

Nilijiona narudi na kikapu changu. Nikamweleza kwamba ni kopa, ameileta mwanawe mwenyewe kutoka machimboni. Akampapasa tena mkono, safari hii polepole, kuanzia begani mpaka kwenye kiganja. Kisha akageuza uso wa mwanasesere juani.

"Hana macho. Hapo umefanya vizuri," akasema. "Mwenye macho angetutazama."

Basi mama yangu na bibi wa Didia, ambao hawakuonana hata siku moja, wakawa wamekubaliana, kila mmoja kwa sababu zake.

Doto akaitwa. Alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuja, akaniamkia, na nilipomwona shingo yake nilielewa kwa nini mama yake alikuja mpaka mjini. Nguo ilikuwa imemkalia mabegani kama ya kuazima. Bado anarefuka, hilo ndilo lililoniumiza. Anakonda na anarefuka.

Nikampa mwanasesere.

Alimpokea kwa mikono miwili. Hakutabasamu. Aliligusa gauni, akalitambua. Kisha akakaa chini, na bila mtu yeyote kumwambia kwamba ana waya, akaweka kiganja nyuma ya goti la mwanasesere, kiganja kingine juu, akalikunja taratibu. Akalinyoosha. Akalikunja. Hivyo hivyo na la pili. Ndivyo alivyokuwa akimfanyia mwenzake.

Choroko za bibi zilikuwa zimetulia kwenye ungo.

Halafu akauchukua mkono wa mwanasesere akauzungusha shingoni mwake, na wa pili, akaachia. Mikono ikabaki. Mwanasesere alikuwa amemshika shingo Doto, na Doto mikono yake ilikuwa chini, hajashika kitu. Alifumba macho. Mama yake akageukia ukutani.

Na mimi, nikiri hapa, nilijisifu. Moyoni nilisema, Mama Sauda, leo umefanya kazi. Niliona kama nimeshamponya mtoto.

Haikuchukua muda. Doto alifumbua macho, akaitoa ile mikono shingoni, mmoja mmoja, akainuka na kuingia ndani. Mlango ulikuwa wazi, tulimwona. Alimlaza mwanasesere upande wa ukutani, akamkunja magoti, akamfunika blanketi. Akatoka mikono mitupu. Akaja akasimama mbele yangu.

"Huyo wa Kulwa," akasema. "Wangu yuko wapi?"



Niliona yote kwa pamoja. Magauni mawili mapajani mwangu. Mafungu mawili ya waya, kila moja na fundo lake. Mama alijua, baba alijua, kila mtu aliyelala chini ya bati lile alijua. Mapacha hawapewi kitu kimoja. Ukinunua kiatu unanunua jozi mbili, ukichinja kuku miguu inagawanywa, na Kulwa ndiye anayeanza kupokea, kisha Doto. Hawakuniambia kwa sababu nani humwambia mtu kwamba maji yanalowesha? Ni mimi niliyehesabu watoto waliobaki nikashona kwa hesabu hiyo.

Bibi hakunionea huruma.

"Mayu, wewe umezaliwa Shinyanga hii hii," akasema. "Wazee wako walitoka pwani na vitambaa vyao, sawa. Lakini wewe umezaliwa hapa. Na bado unaleta kitu kimoja kwenye nyumba ya mapacha?"

Lilinijia jibu ulimini, kwamba sasa yuko mmoja. Namshukuru Mungu sikulitoa. Ningelitoa mbele ya mtoto, leo hii nisingeweza kuandika.

Nikainua kichwa nimtafute Mama Kulwa, nimwombe radhi, sikumwona. Nikaondoka kumfuata. Alikuwa nyuma ya jiko, ameegemea ukuta wa udongo, khanga ameijaza mdomoni, mabega yanaruka. Nikajua nimeharibu. Nikaanza kusema nisamehe, nitashona mwingine, nitakesha, nisamehe.

Akaitoa khanga mdomoni.

"Umesikia?" akaniuliza. "Amesema wangu."

Sikuelewa. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka bangili zikaniuma.

"Mama Sauda, amesema wangu."

Tukalia wote wawili nyuma ya jiko, bila sauti, ili bibi asisikie. Nadhani bibi alisikia. Choroko zilianza kupepetwa kwa kishindo ambacho choroko hazihitaji.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yamekwisha. Mchana tulikula ugali na mlenda, na Doto aligawa wake katikati kama kila siku. Nusu ikabaki. Bibi aliichukua ile nusu akaiweka ndani, kwenye kigoda karibu na kitanda. Mtoto hatibiwi na matambara, najua. Mama yake amesema wiki ijayo atampeleka tena kwa yule muuguzi anayemjua tangu enzi za Kulwa. Nimemwambia nitafuatana naye.

Lakini alipokuwa ananisindikiza barabarani, Doto alitembea ubavuni mwangu, akipiga vijiwe kwa kidole cha mguu. Bibi alikuwa amenijazia kikapu michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na mtoto akang'ang'ania kubeba upande mmoja. Tulipokaribia lami akasema jambo akitazama chini, kama mtu anayeungama kosa.

"Mimi nimemzidi urefu."

Nikamwambia najua. Mimi ndiye ninayekupima.

"Wangu asikunje magoti," akasema.

Gari likaja. Nilipanda nikakaa nimemtazama dirishani. Alikuwa amesimama pale kwenye vumbi, ameshika mkono wake mwenyewe, na magoti yake yalikuwa yamenyooka.

Sasa nipo nyumbani. Baba Sauda amenisikiliza mpaka mwisho huku anatafuna kipande cha michembe, na alichosema ni kwamba alidhani nimelielewa fungu la pili tangu siku ile. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Nilidhani unaanza na wa Kulwa." Hata yeye! Mtu wa mota! Nimekuwa mwanafunzi wa mwisho darasani.

Nimelishusha fungu la pili kutoka rafuni. Fundo lake ni gumu, la mtu aliyezoea kufunga kamba ambazo watu hushukia shimoni, na nimelifungua kwa meno. Waya umeng'aa vilevile kama wa kwanza. Nafikiri juu ya yule baba anayesugua kopa kwa mchanga, fungu la kwanza, kisha anaanza la pili, hasemi na mtu. Sikumwona akilia pale makaburini. Labda alikuwa analia hivi.

Nimelitandaza pia gauni la Doto mezani. Chini lina mistari miwili iliyopauka, pale nilipofumua pindo mara ya kwanza na mara ya pili. Nilikuwa nimepanga kuikwepa hiyo mistari nitakapokata, haipendezi. Nimebadili mawazo. Nitaiacha ionekane.

Na miguu nitaifanya mirefu. Waya wa ziada sitaukata. Nitaukunja ndani ya nyayo, chini ya pamba, ambapo hauonekani. Atakapotaka kurefushwa aletwe hapa, nitafumua unyayo, nitauvuta waya, nitaongeza kitambaa. Magoti yatakunjika, kwa kuwa mwanasesere wangu lazima akae. Lakini nitayashona kwa namna ambayo ukimwachia anarudi kusimama.

Nimeogopa kidogo, kusema kweli. Itakuwaje akimpokea na huyu naye asiseme chochote? Itakuwaje nusu ya ugali iendelee kubaki? Sina jibu. Nina waya, nina gauni, na nina neno moja alilolisema mtoto kwa kinywa chake mwenyewe. Nitaanza asubuhi, kabla ya sare za watu, wenye sare wataninunia na watanisamehe.

Gauni la mwanasesere wa Kulwa lilimtosha sawasawa, sikubakisha kitu.

La huyu wa Doto nitaliachia pindo.